Re: Washiriki wanakataliwa kufungua akaunti siku ya kuhariri Wikipedia

Salama mkuu. Umesema watu 20 wako ukumbini kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, na kuanzia wa saba wote wanakataliwa kufungua akaunti. Kompyuta hazina kosa. Anwani moja ya IP (namba inayotambulisha mtandao mnaotumia) inaruhusiwa akaunti 6 tu kwa siku, na Wi-Fi ya ukumbi inawafanya wote muonekane mtu mmoja. Kwanza waliobaki wazime Wi-Fi, wajaribu kwa bando za simu zao.

Sisi yalitukuta Jumamosi moja, chai ikapoa watu wakitazamana. Siku hizi kila mtu anajisajili kwake siku mbili kabla na kunitumia jina la akaunti WhatsApp. Wasisitizie waweke na barua pepe, maana wa kusahau nywila hakosi. Mada nazo gawa mapema, la sivyo watatu wataandika mlima uleule.