Figo ya nguruwe: tusubiri, au tupime ndugu?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na akiba yote imekwisha. Nasikia Marekani wameanza kupandikiza figo za nguruwe. Kwa kuwa nguruwe ni wengi, bei haitashuka? Na sisi Waislamu, inatufaa? Tusubiri? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Msisubiri.

Nguruwe huyo si wa bandani. Figo aliyowekewa Richard Slayman huko Boston, Machi 2024, ilitoka kwa nguruwe aliyebadilishwa jeni mara 69: jeni 3 zinazotengeneza sukari za nguruwe ziliondolewa, 7 za binadamu zikaongezwa, na virusi 59 vilivyojificha ndani ya jeni zake vikazimwa. Sukari hizo zikibaki, kingamwili zetu huivamia figo papo hapo. Daktari bado yuko mezani, mshono haujafungwa, figo iliyokuwa nyekundu inapiga weusi. Tena, kwa hofu ya maambukizi, nguruwe hao hufugwa kwenye majengo maalumu na kupimwa magonjwa kila mara. Hiyo ni gharama kabla hata ya kisu.

Nzito zaidi huja baadaye. Hata mwenye figo ya nduguye humeza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku, na damu hupimwa kuona kama dawa imezidi au imepungua. Mwenye figo ya nguruwe huhitaji dawa nyingi na kali zaidi. Na figo yenyewe haijadumu: kati ya waliowekewa figo ya nguruwe baada ya Slayman, ya Towana Looney ilitolewa baada ya siku 130, ya Tim Andrews baada ya siku 271. Slayman alifariki miezi miwili hivi baada ya upasuaji, ingawa madaktari wake hawakuona dalili kwamba figo ndiyo chanzo.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni ridhaa. David Bennett, aliyewekewa moyo wa nguruwe Baltimore Januari 2022, alikutwa na kirusi cha nguruwe na akafa miezi miwili baadaye. Kwa hofu ya ugonjwa kuvuka kwenda kwa watu, mgonjwa hutakiwa kufuatiliwa maisha yake yote, na watu wake wa karibu pia huguswa. Katika utafiti wowote mtu ana haki ya kujitoa akichoka. Hapa atajitoaje, na mkewe je, nani alimuuliza? Wapo pia wanaomtetea nguruwe mwenyewe, anayezaliwa ili achinjwe kwa ajili hiyo. Nawaelewa, ila mbele ya mgonjwa anayekufa mimi namchagua mgonjwa.

Kuhusu dini, fatwa si kazi yangu. Najua vali za moyo za nguruwe zimetumika miaka mingi, na wanazuoni wengi wameziruhusu kwa kanuni ya dharura. Lakini sheikh wenu atauliza kwanza: njia nyingine hakuna? Hilo hukuniandikia.

Baba ana ndugu na watoto wangapi? Muhimbili walianza kupandikiza figo hapa nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kaeni kikao wiki hii. Walio tayari kwa hiari yao, bila kushinikizwa, waanze na kundi la damu, sukari na presha. Kisha niandikie majibu, pamoja na kundi la damu la baba.