Maswali na Majibu: Tunapowahukumu Wengine Bila Kujua

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu upendeleo uliojificha, yaani ile mielekeo inayotufanya tumwamini mtu mmoja upesi na kumtilia shaka mwingine kabla hatujapata sababu ya kufanya lolote kati ya hayo. Nimezifupisha bila kugeuza maana, na ninazijibu moja baada ya nyingine.

Swali: Sina chuki na mtu wa kabila, dini wala rangi yoyote. Kwa nini niambiwe kwamba nina upendeleo nisioujua?

Jibu: Ninakuamini unaposema kwamba huna chuki, lakini upendeleo wa aina hii hauhitaji chuki ili ufanye kazi. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Devine, alionyesha kwamba watu wenye ubaguzi mwingi na wale wenye ubaguzi mdogo wanazifahamu sawasawa dhana zinazosemwa juu ya makundi mbalimbali katika jamii yao, na kwamba dhana hizo zinaweza kuamka akilini mwa wote bila kuitwa. Kinachowatenganisha ni kile kinachofuata: yupo anayelipima wazo hilo kwa imani zake mwenyewe, na yupo anayeliacha limwongoze. Dhana hizi tulizirithi tungali wadogo, kutokana na mazungumzo ya wakubwa, hadithi na habari, na akili inapochoka au inapokuwa na haraka hujaza pengo la taarifa kwa kile ilichokizoea.

Ugumu ni kwamba hatuwezi kuzigundua kwa kujiuliza tu kama tu watu wema. Emily Pronin na wenzake walionyesha mwaka 2002 kuwa watu huona upendeleo kwa wenzao kwa urahisi kuliko wanavyouona kwao wenyewe. Nadhani wengi wetu tunalijua hili kwa uzoefu, kwa kuwa wengine tunawapima kwa matendo yao ilhali sisi wenyewe tunajipima kwa nia zetu, na nia zetu karibu kila mara huonekana njema. Kwa hiyo ninakushauri utazame matendo yako kwa muda: ni nani unayemkatiza anapozungumza, ni nani unayemdai ushahidi wa ziada, na kosa la nani unalisema ni tabia yake huku kosa lile lile kwa mwingine ukilisema ni bahati mbaya.

Swali: Nilifanya kile kipimo cha kompyuta cha kubonyeza vitufe haraka, na matokeo yakaonyesha kwamba ninaelemea dhidi ya kundi langu mwenyewe. Je, hii maana yake ninajichukia?

Jibu: Hapana. Kipimo hicho, kilichotangazwa na Anthony Greenwald na wenzake mwaka 1998, hulinganisha kasi unayotumia kuoanisha makundi ya watu na maneno mazuri au mabaya. Kinagusa mazoea ya akili, na mazoea hayo huweza kumpata hata mtu ambaye dhana zenyewe zinamdhalilisha, kwa sababu ameishi katika jamii ile ile na kusikia maneno yale yale. Isitoshe, mtu mmoja akikirudia anaweza kupata matokeo tofauti, na ndiyo maana hakifai kutumiwa kumhukumu mtu mmoja mmoja. Kichukue kama sababu ya kuanza kujiangalia, na usikipe uzito zaidi ya huo.

Swali: Mimi ni mwalimu. Nitajuaje kama ninawapa baadhi ya wanafunzi alama zisizo zao?

Jibu: Ninashukuru kwamba umeuliza, kwa sababu mwalimu anaposhusha matarajio yake, mtoto huweza kubeba matokeo yake kwa miaka mingi. John Darley na Paget Gross, katika utafiti wa mwaka 1983, waliwaonyesha watu filamu ya msichana mdogo. Baadhi waliona kwamba anatoka katika mazingira ya watu wenye uwezo, na wengine kwamba anatoka katika mazingira ya umaskini. Wale walioishia hapo walisita kumkadiria tofauti. Wale walioendelea kumtazama akijibu maswali ya mtihani, filamu ile ile moja kwa wote, ndio waliogawanyika: waliomdhania tajiri walimpandisha, waliomdhania maskini wakamshusha, na kila upande uliamini kwamba umeona ushahidi kwa macho yake.

Matokeo hayo yananisumbua kuliko mengine yote katika mada hii, kwa maana tumezoea kuamini kwamba dawa ya dhana potofu ni kumfahamu mtu zaidi, kumbe taarifa zaidi zinaweza kugeuka chakula cha dhana ile ile tuliyoanza nayo. Sahihisha basi karatasi bila kuona majina inapowezekana. Andika vigezo vya alama kabla hujasoma jibu la kwanza, kisha usahihishe swali la kwanza la wanafunzi wote ndipo uende la pili, ili alama ya swali moja isiivute inayofuata. Darasani, mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma na kuandika unawauliza akina nani, na unawasubiri kwa muda gani kabla ya kuhamia kwa mwingine.

Swali: Nipo katika jopo la usaili. Mara nyingi tunakubaliana kwamba mtu fulani "anaendana nasi" ingawa hatuwezi kueleza kwa nini. Je, kuna tatizo?

Jibu: Lipo, na huanza hata kabla ya usaili. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu maombi 5,000 ya kazi katika miji ya Boston na Chicago, wakayapa majina yanayohusishwa na Wazungu au na Wamarekani Weusi bila kujali sifa zilizoandikwa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, majina ya Kizungu yaliitwa kwa kiwango kilichozidi kile cha majina mengine kwa takriban asilimia 50. Waajiri walikuwa na karatasi tu mbele yao, na jina pekee lilitosha kubadili namna walivyozisoma.

Ndani ya chumba cha usaili tatizo huwa gumu zaidi kuonekana. Mwaka 1974 Carl Word, Mark Zanna na Joel Cooper waligundua kwamba wasaili Wazungu waliwakalia mbali waombaji Weusi, wakamaliza mazungumzo mapema na kukosea zaidi katika usemi wao. Watafiti hao wakawafundisha wasaili kuwatendea waombaji Wazungu vivyo hivyo, na waombaji hao nao wakafanya vibaya. Unapokumbuka kwamba mtu fulani hakujieleza vizuri, jiulize kwanza mlimpokeaje.

Kuhusu "kuendana nasi", hiki ni kigezo kinachoweza kukubali chochote. Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha mwaka 2005 kwamba watu waliotakiwa kuchagua mkuu wa polisi walithamini zaidi sifa zile ambazo mwombaji wa kiume alikuwa nazo, na thamani ya sifa ikabadilika mwanamume alipoikosa. Upendeleo huo ulitoweka pale ambapo wachaguzi walitakiwa kukubaliana juu ya uzito wa kila sifa kabla ya kumjua mwombaji. Fanyeni hivyo. Waulizeni wote maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kila mmoja wenu aandike alama zake kabla ya majadiliano, na mwenye cheo kikubwa azungumze mwisho. Mkibaki na mtu anayewavutia bila sababu inayoandikika, msimpe alama kwa mvuto huo.

Swali: Wazo baya likinijia juu ya mtu, si nilifukuze tu? Na je, semina ya siku moja inatosha kutubadilisha?

Jibu: Kulifukuza kwa nguvu kuna hatari yake: Neil Macrae na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba waliojizuia kutumia dhana potofu walizitumia zaidi baadaye, kizuizi kilipoondoka. Ni afadhali ulikubali kuwa limekuja, kisha uulize ungefikiri nini kama mtu wa kundi lako angefanya jambo hilo hilo.

Semina ya siku moja haitoshi. Calvin Lai na wenzake walijaribu mbinu 9 za kupunguza mielekeo hii, na katika ripoti yao ya mwaka 2016 zote zilifanya kazi papo hapo, lakini hakuna iliyodumu baada ya saa kadhaa au siku chache. Kama taasisi yenu ina fedha ya semina, iitumie pia kubadili fomu, vigezo na taratibu za maamuzi, kwa kuwa hizo hubaki hata watu waliohudhuria wakisahau.

Swali: Mwenzangu kazini ameniambia kuwa nilimdharau mbele ya watu. Sikukusudia kabisa. Nimjibu nini?

Jibu: Usianze kwa kueleza nia yako, maana ukifanya hivyo unamgeuza yeye kuwa mwenye kazi ya kukutuliza. Msikilize mpaka amalize, umwambie umesikia nini, umwombe radhi kwa kitendo chenyewe bila kuongeza "kama ulijisikia vibaya". Ikiwa hukuelewa ni kitendo gani, uliza mara moja kwa upole, na usimtake akuthibitishie. Kwa kuwa dharau ilitokea hadharani, marekebisho nayo yawe hadharani, mradi yeye ameridhia: katika kikao kijacho mrudishie nafasi ya kuzungumza, au useme wazi kwamba hoja uliyoipuuza ilikuwa yake.

Kisha mpe muda. Anaweza asikusamehe siku hiyo, na huna haki ya kumharakisha.