Pakiti ya 470: kwa wanaoandika draiva za adapta za USB

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana anayesoma chuo Mbeya. "Shikamoo dada. Adapta yangu ya USB inapata IP, ping inakwenda, lakini kurasa zinafunguka nusu nusu. Draiva nimeandika mwenyewe. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa msomaji mgeni: adapta hii huunganisha kifaa na mtandao, draiva ni programu inayoiongoza, IP ni anwani ya mtandao, na ping ni pakiti ya kuuliza kama kifaa kinajibu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, maana miaka miwili iliyopita tatizo hilo hilo lilininyima usingizi na kuniondolea mteja.

Tulikuwa tunatengeneza viboksi vya mauzo kwa maduka ya jumla ya Kariakoo. Ndani hamkuwa na Linux, bali mfumo mdogo tuliojenga wenyewe, na draiva ya mtandao ilikuwa kazi yangu. Adapta tulinunua Mtaa wa Aggrey, za bei nafuu, zinazofuata CDC ECM, kanuni ya kupitisha Ethernet juu ya USB. Ofisini zilikwenda vizuri. Dukani ripoti zikaanza kukwama: hii inafika, ile haifiki. Mwenye duka akalaumu mtandao, kiongozi wangu akalaumu draiva, na mwenzangu mmoja akasema mbele ya watu kwamba mambo ya keneli, yaani kiini cha mfumo, si ya kina dada. Neno lile bado linaniuma.

Nami nikaanza kubahatisha. Nikaongeza muda wa kusubiri, nikapanua bafa (nafasi ya kuhifadhi data kwa muda), nikaifanya adapta ijiwashe upya kila ikikwama. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Jumapili moja nikaacha kugusa msimbo wa draiva. Nikaweka kiboksi mezani, nikakipigia ping kutoka kwenye laptopu, ukubwa ukipanda baiti moja moja. 468, jibu. 469, jibu. 470, kimya. 471 nayo kimya. 472, jibu, kama vile hakuna kilichotokea. Nikaendelea hadi 982: kimya tena. Nikachukua kalamu. 470, jumlisha baiti za vichwa vya pakiti, yaani 8 za ICMP (itifaki ya ping), 20 za IP na 14 za Ethernet, unapata 512. Fanya hivyo kwa 982, unapata 1024. Nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Kwenye USB 2.0 ya kasi ya juu, pakiti moja ya bulk (njia ya kusafirisha data nyingi) hubeba hadi baiti 512. Adapta hujua fremu, yaani ujumbe mzima wa Ethernet, imekwisha inapoona pakiti fupi kuliko hapo. Fremu ikigawanyika kwa 512 bila baki, pakiti fupi haipo, kwa hiyo adapta inaendelea kusubiri. Fremu inayofuata inagandana na ile ya kwanza, na zote mbili zinatupwa. Draiva yangu ilitakiwa kumalizia kwa pakiti tupu, ya urefu sifuri. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Lakini mteja alikuwa amesharudisha viboksi.

Halafu ukaja mzigo mwingine wa adapta: ganda lile lile, VID na PID (namba za mtengenezaji na bidhaa) zile zile, ila bcdDevice (namba ya toleo) tofauti. Hizi zilipopewa pakiti tupu zikaganda kabisa. Zilitaka fremu iongezwe baiti moja mwishoni. Hapo ndipo nilipofungua usbnet, msimbo wa Linux unaotumiwa na draiva nyingi za adapta za USB, kitu nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Yenyewe huongeza baiti moja, isipokuwa draiva itangaze kwamba kifaa chake kinataka pakiti tupu. Na ndani ya cdc_ether, draiva ya Linux ya adapta kama hizi, mna marekebisho ya modemu za 4G zinazoleta pakiti zenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) isiyo sahihi. Wenzetu waliumia kabla yetu, wakaandika.

Kwa hiyo, wadogo zangu, pimeni kwanza. Kwenye Linux washa usbmon, kinasa mawasiliano ya USB, tazama kinachopita kati ya draiva na kidhibiti cha USB, tafuta ukubwa unaoua. Usiongeze muda wa kusubiri kwa sababu tu umechoka. Ukipata ugonjwa, andika dawa kwa kifaa hicho tu, kwa VID, PID na bcdDevice, na uweke maelezo juu ya mstari ili atakayekuja asiufute akidhani ni uchafu. Na dada zangu mlio kwenye kazi hii, msimwachie mtu yeyote awaambie keneli ina wenyewe. Pimeni, mje na namba mezani.

Wewe wa Mbeya, piga ping ya 469, kisha 470, kisha 471. Niandikie kilichotokea, pamoja na matokeo ya lsusb -v, amri ya Linux inayoonyesha maelezo ya vifaa vya USB.