Besi yupi anayependwa zaidi na wavuvi wa ndoana?

Umeuliza Wamarekani wanampenda besi yupi, kati ya aina za huyu samaki wa maji yasiyo na chumvi. Kwa wingi wa mashabiki, ni besi wa mdomo mkubwa, bila ubishi. Anaishi karibu kila bwawa lenye magugu na maji ya vuguvugu, hivyo hata asiye na boti anamfikia. Halafu ana ukubwa wa kutamanisha: George Perry alivua mmoja wa kilo 10 na ushee huko Georgia mwaka 1932, na rekodi hiyo haikufikiwa hadi 2009, Manabu Kurita alipopata wa uzito uleule katika Ziwa Biwa, Japani.

Lakini ukiniuliza mimi ugomvi kwenye mshipi, namchagua wa mdomo mdogo. Ni mdogo kiumbo (rekodi yake haifiki kilo 6), anapenda maji yenye ubaridi, maangavu, yenye miamba, na akinaswa anaruka juu ya maji na kurudi chini kwa hasira. Kuwatofautisha ni rahisi: mdomo ukifungwa, taya la yule wa mdomo mkubwa hupita nyuma ya jicho, la yule wa mdomo mdogo huishia chini yake.

Kama uko Kenya huna haja ya nauli ya ndege. Yule wa mdomo mkubwa yupo Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, alipopandikizwa kutoka Marekani. Tupa chambo kando ya mafunjo asubuhi mapema, ila angalia viboko kwanza.