Kabla hujamvalisha mgonjwa wako kofia ya leza

Wiki hii dada mmoja msomaji wangu ameniandikia ujumbe mrefu. Mumewe alipata kiharusi miezi mitatu iliyopita, upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki sawasawa. Ameambiwa kuna tiba ya leza: mgonjwa anavishwa kofia yenye taa nyekundu, anakaa nayo nusu saa, na seli za ubongo zilizokufa zinaamka. Anauliza kama auze kiwanja ili alipie. "Wewe umepitia haya na baba yako," kaandika, "niambie ukweli."

Nitakuambia, dada, na nitakuambia hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Baba yangu alianguka asubuhi akivaa viatu. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Alikuwa peke yake, na alipofikishwa hospitali muda wa dawa ya kuyeyusha bonge, yaani saa 4 na nusu tangu dalili zianze, ulikuwa umeshapita. Ya wodini nayaruka, walioyapitia wanayajua. Nianzie tulipomrudisha nyumbani: mkono wa kulia unaning'inia, mguu anauburuza, na mtu aliyekuwa msemaji wa ukoo mzima amebakiwa na neno moja tu, "hiyo". Akitaka maji, "hiyo". Akitaka kwenda msalani, "hiyo". Akikasirika kwamba hatumwelewi, "hiyo", na machozi juu.

Hapo ndipo leza ilipoingia kwetu. Kaka yangu mkubwa aliletewa video ya mzee aliyeingia kituoni kwa kiti cha magurudumu na kutoka akitembea. Tukaenda kuona. Mhudumu alikuwa na koti jeupe na maneno matamu, akatuonyesha kofia, akatuonyesha picha ya ubongo yenye rangi, akasema mwanga unapenya fuvu na kufufua kilichokufa. Nilimuuliza mwanga huo umefanyiwa majaribio gani kwa binadamu. Akanijibu kwamba matokeo yanajionyesha yenyewe.

Nakiri kwamba nilitamani iwe kweli kuliko hata kaka alivyotamani. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilikuwa nazama. Nilikuwa nimechoka kumgeuza kitandani, nimechoka kubahatisha anachotaka. Usiku nilikaa na simu nikisoma kila nilichokipata kuhusu leza na kiharusi, nikitafuta mstari mmoja wa kunipa ruhusa ya kuamini. Mistari ya namna hiyo ipo, na ndiyo maana watu wananaswa.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, alielekeza leza dhaifu kwenye panya walionyolewa manyoya, akaona manyoya yao yanarudi haraka kuliko ya panya wengine. Kutoka hapo ukaanza utafiti mzima wa mwanga wa nguvu ndogo. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba mwanga mwekundu, pamoja na ule wa infraredi ambao jicho halioni, hunyonywa na kimeng'enya kilichomo kwenye mitokondria, mahali ambapo seli hutengenezea nishati yake. Kimeng'enya kikichangamka, seli iliyodhoofika kwa kukosa oksijeni hupata nguvu ya kuendelea kuishi. Maabarani, sungura na panya waliosababishiwa kiharusi kisha wakamulikwa walifanya vizuri kuliko wasiomulikwa. Muuzaji akikueleza haya hakudanganyi. Anakuficha yaliyofuata.

Yaliyofuata ni majaribio 3 kwa binadamu, yaliyoitwa NEST. Mgonjwa alinyolewa nywele, leza ya infraredi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 808, ikawekwa kwenye sehemu 20 za kichwa chake, dakika 2 kila sehemu, ndani ya saa 24 tangu kiharusi kimpate. Wengine waliwekewa kifaa hichohicho kikiwa hakitoi mwanga, ili pawe na cha kulinganisha. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2007, lilikuwa na wagonjwa 120, na asilimia 70 ya waliopata leza walipata nafuu nzuri, dhidi ya asilimia 51 ya waliowekewa kifaa kisichotoa mwanga. Nilipofika hapo niliinuka nikazunguka chumba kwa furaha. La pili, la mwaka 2009, lilichukua wagonjwa 660. Tofauti ikashuka hadi asilimia 36 dhidi ya 31, ndogo mno kuweza kutenganishwa na bahati. La tatu lilipangiwa wagonjwa 1,000 na halikufika huko. Wasimamizi walipopiga hesabu ya wagonjwa 566 waliokwisha kukamilisha, karibu nusu ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu nzuri, wa leza na wasio wa leza vilevile. Likasimamishwa kwa kuwa hapakuwa na tumaini la kuona faida.

Itazame tena hesabu hiyo ya mwisho. Karibu nusu ya watu waliowekewa kifaa kisichotoa mwanga wowote walipata nafuu nzuri! Kama kila mmoja wao angelipishwa na kupigwa video, leo tungekuwa na shuhuda zaidi ya mia moja za kweli kabisa za tiba ambayo haikuwapo. Kiharusi kina nafuu yake chenyewe. Uvimbe unapungua, sehemu za ubongo zilizokuwa zimezimia bila kufa zinarudi kazini, na sehemu nzima zinajifunza kubeba mzigo wa zile zilizokufa. Nafuu hiyo huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, miezi ileile ambayo familia zinahangaika kutafuta chochote. Atakayekuwa amesimama karibu na mgonjwa wakati huo, awe na leza, mafuta au hirizi, ndiye atakayeshukuriwa.

Na mumeo, dada, ana miezi mitatu. Majaribio yale yalilenga kuokoa seli zinazokufa siku ya kwanza. Zilizokufa miezi mitatu iliyopita hazifufuliwi na taa yoyote. Kuna watafiti, wakiwemo wa Boston, Marekani, waliojaribu taa za LED kichwani kwa watu waliopoteza usemi muda mrefu, na wameona dalili za kutia moyo, lakini kwa wagonjwa wachache sana. Utafiti huo nauombea mema kwa moyo wote. Kinachonichoma ni mtu kuuza leo, kwa uhakika wote, kitu ambacho watafiti wenyewe bado wanakiuliza maswali.

Niliyapeleka haya kwenye kikao cha ukoo. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Shangazi hakuniacha nimalize. Alisema mbele ya wote kwamba naona hesabu kuliko ninavyoiona roho ya baba yangu. Kaka akasema mimi si daktari. Kweli, si daktari, ila daktari wa neva aliyekuwa akimtibu Baba alisema yaleyale kwa lugha yake ya upole: msipoteze nguvu huko, zipelekeni kwenye mazoezi. Maneno ya shangazi bado yananiuma. Tunasalimiana, tunakaa kwenye shughuli pamoja, lakini yameniganda moyoni na sidhani kama yatatoka.

Mwishowe Baba mwenyewe aliamua. Nilimwekea mbele picha mbili, ya kofia ile na ya mtaalamu wake wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, nikamuuliza anataka kwenda wapi. Akaweka kidole kwenye ya pili. Akasema, "Hiyo."

Basi tukaingia kazini. Mtaalamu alipima kwanza kama Baba anaweza kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole walau kidogo. Baada ya majuma ya kazi ngumu akaweza, na hapo ndipo tulipoanza kuufunga mkono wake mzima kwenye glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Njia hii si ya kubuni. Mwaka 2006 jaribio la EXCITE la Marekani, lenye wagonjwa 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 nyuma, lilionyesha kwamba waliofungwa mkono mzima sehemu kubwa ya siku kwa wiki 2, huku wakifanyishwa mazoezi makali, waliutumia mkono dhaifu vizuri zaidi, na faida hiyo ilidumu. Hakuna kinachomeremeta humo. Ni kushika kikombe na kukiachia, kushika na kuachia, mpaka aliyeshika na anayetazama wote wanatokwa jasho.

Alinichukia kwa ile glavu. Aliwahi kuivua kwa meno na kunirushia. Nikaiokota, nikamvalisha tena, nikaenda kulia jikoni, nikarudi.

Usemi ulikuja kwa mlango mwingine. Tuligundua kwamba maneno asiyoweza kuyasema anaweza kuyaimba, na inadhaniwa ni kwa sababu wimbo hutegemea zaidi upande wa pili wa ubongo, ule ambao kiharusi hakikuugusa. Mtaalamu wa tiba ya usemi akaanzia hapo. Tukaimba majina ya wajukuu, tukaimba majina ya vitu vya chumbani, kisha tukawa tunapunguza wimbo kidogo kidogo na neno linabaki. Mwezi uliopita Baba aliongea kwenye harusi ya mjukuu wake. Sentensi zilikuwa fupi, na moja alikwama katikati, lakini alisimama kwa fimbo yake, akaongea, na ukumbi mzima ukasimama naye. Shangazi alikuwepo. Sikumwambia kitu. Nilimwangalia tu, na naona fahari hata sasa ninapoandika.

Kwa hiyo sikilizeni, ninyi mnaouguza. Nguvu zenu zina mwisho na fedha zenu zina mwisho. Ubongo wa mgonjwa unajifunza kwa kurudia, na kurudia kunahitaji mtu, muda na subira. Saa ambayo mgonjwa amekaa kimya chini ya kofia ni saa ambayo mkono wake haujafanya kazi. Mzoesheni kurudia jambo la maana kwake, kila siku, hata akiwa hataki, hata mkiwa mmechoka. Kazi ndogo iliyorudiwa kila siku inashinda safari ya mbali ya kufuata miujiza. Rudieni, na mkimaliza rudieni tena.

Lakini msimvamie mgonjwa wa siku ya kwanza. Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba waliotolewa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, na mara nyingi mno, walifanya vibaya kidogo kuliko walioanza taratibu. Wakati wa kuanza na kiasi cha kuanza nacho anakipanga mtaalamu. Wala msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza mnapomwinua, kwa sababu bega lake halina misuli ya kulishikilia, na bega likishateguka mazoezi yote yanakwama.

Mwanga siukatai wote. Leza ya kupunguza maumivu ya misuli na viungo inatumiwa na wataalamu wengi wa fiziotherapia, na mtaalamu wa mumeo akisema ataijaribu begani pamoja na mazoezi, hilo ni jambo jingine kabisa na kofia ya kufufua ubongo. Hata hapo, mweleze kama upande uliopooza hauna hisia, maana kuna leza zenye nguvu zinazotia joto, na ngozi isiyohisi huungua bila mgonjwa kupiga kelele. Macho yote chumbani yavae miwani ya kinga, kwa kuwa infraredi inaweza kuunguza jicho bila kuonekana. Mtaje kila dawa anayotumia, kwani zipo zinazofanya ngozi idhurike kirahisi na mwanga. Na kuna mwanga wa jua, ambao hauuzwi. Usingizi wa mgonjwa wa kiharusi huvurugika, na huzuni nzito huwashika wengi wao. Mtoe nje asubuhi, mfungulie madirisha, usimfiche kwenye chumba cha giza eti anapumzika. Huzuni ikizidi mwambie daktari, kwa sababu ina matibabu yake.

Dada, kiwanja usikiuze. Kabla ya yote hakikisha mumeo anameza dawa za presha na zile za kuzuia damu kuganda kama alivyoandikiwa, maana kiharusi cha pili huja kuchukua kile ulichokwisha kukirudisha kwa jasho. Uso ukienda upande, mkono ukianguka au maneno yakibadilika ghafla kuliko yalivyo sasa, mkimbize hospitali saa hiyohiyo na uwaambie ilikuwa saa ngapi mara ya mwisho ulipomwona yuko sawa. Kisha mwulize mtaalamu wake wa fiziotherapia swali hili: je, anaweza kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole hata kidogo? Niandikie jibu lake. Kama ni ndiyo, nitakueleza hatua kwa hatua tulivyofanya na ile glavu, na kama bado, nitakueleza tulivyofika hapo.