Kwa dereva mpya wa IT (magari ya kupita tu nchini, yanayopelekwa nje): gari likikufia ukishaipita Nakonde

Ukipewa gari la kwanza kulitoa bandarini Dar hadi Lusaka, kila mtu atakuonya kuhusu Kitonga, ule mlima wa kona kali Iringa. Kitonga ni nyumbani. Ukikwama pale, fundi analetwa na bodaboda. Shughuli yenyewe inaanza ukishavuka mpaka wa Tunduma na kuingia Nakonde, upande wa Zambia: Nakonde hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000, na kuna vipande unaendesha huoni zaidi ya pori na wauza mkaa.

Fungua buti ukiwa bado yadi. Gari limepita mikono mingi tangu Japani, na jeki hupotea mapema. Mengine hayana spea tangu kiwandani, yana kikopo cha dawa ya kuzibia pancha na kipampu cha umeme tu, na dawa hiyo nayo huisha muda. Kisha soma tairi ubavuni. Ukiona tarakimu nne kama 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi si lazima liwe kipara ndipo lipasuke.

Sasa joto, ambalo ndilo linalowaumiza wengi. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana geji. Kuna kitaa cha bluu injini ikiwa baridi na chekundu ikishachemka, katikati huambiwi kitu. Chekundu kikiwaka simama hapohapo. "Nifike pale mbele" ndiyo inayopinda silinda hedi na kuunguza gasketi. Taa ya betri ikiwaka na joto likapanda pamoja, tazama mkanda wa feni kwanza, kwa sababu kwenye injini nyingi mkanda huohuo huzungusha alteneta na pampu ya maji.

Mimi nilipasukiwa mpira wa juu wa rejeta mbele kidogo ya Isoka. Nilikaa karibu saa nzima bila kugusa kifuniko. Maji yenye presha yakikurukia usoni huna tena safari. Ufa ungekuwa mwishoni kabisa ningekata kipande na kurudisha klipu, lakini ulikuwa katikati. Nikachana ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha huku nauvuta, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, juu nikakaza waya. Kifuniko nilikifunga nusu. Presha ikipungua kiraka kinavumilia, ila maji nayo yanachemka mapema, kwa hiyo ni mwendo wa 50, kusimama, kuongeza maji. Maji nilipewa na kina mama wa kijijini. Jifunze Kibemba kidogo, "mulishani" ya salamu na "amenshi" ya maji, maana ukiiacha Nakonde Kiswahili kinapungua haraka.

Utafundishwa na mengine njiani. Manjano au yai kwenye rejeta? Achana nayo, yanaziba tundu pamoja na vinjia vya maji. Kupaka sabuni ya mche kwenye tenki la petroli linalovuja kunasaidia kweli, petroli haiyeyushi sabuni, lakini sigara ziwe mbali. Fyuzi ikikatika azima ya redio yenye ampea zilezile. Karatasi ya pakiti ya sigara ukiiweka badala ya fyuzi haikatiki, waya ndio unaoungua. Na beba pembetatu mbili, matawi yetu ya kuvunja porini hayamridhishi askari wa Zambia.

Kiraka ni cha kukufikisha mji unaofuata wenye duka la spea. Mimi mpira ule wa Isoka nilitaka kuupeleka mpaka Lusaka ili posho ibaki mfukoni. Ulifika, kweli. Nikaupaka vumbi usionekane, nikakabidhi ufunguo, nikapanda basi la kurudi. Kesho yake mwenye gari alipiga simu mara nne. Sikupokea, na kazi ya mtu yule sikuipata tena.