Unajenga ukiwa mbali? Haya ndiyo maneno ya kuulizia kabla hujatuma hela

Wengi wanaojenga nyumbani wakiwa nje ya nchi hunieleza shida ileile. Hela inakwenda, picha zinakuja kwenye simu, lakini nyumba haiendani na hela iliyotumwa. Wengine wameibiwa kweli. Ila mara nyingi nikifuatilia nakuta hakuna aliyeiba: palikuwa na neno moja ambalo dalali, fundi na mwenye hela kila mmoja alilielewa kivyake. Nimesimamia ujenzi wa ndugu zangu pembezoni mwa Dar es Salaam, wa karibuni ukiwa wa dada yangu aliyeko Muscat, na siku hizi siruhusu neno lipite bila kipimo, namba au karatasi ya kulithibitisha. Nitakupitisha kwenye maneno yanayokula hela zaidi.

Tuanze na ardhi. Dalali atakuambia kiwanja "kipo kwenye mchoro", wa pili atasema "kimepimwa", wa tatu "kina ofa", wa nne "kina hati". Kwenye simu yote yanasikika kama habari njema moja. Kumbe ni vituo vinne tofauti, na bei yako itegemee kiwanja kimefika kituo gani.

Mchoro ni ramani ya mipango miji. Unaonyesha eneo zima limegawanywaje: hapa makazi, hapa biashara, pale shule, pale barabara. Kipande unachouziwa kinaweza kuwa kwenye mchoro kweli, ila kikawa kimepangiwa barabara au eneo la wazi. Uliza mambo mawili: mchoro umeidhinishwa? Na kipande hiki kimepangiwa matumizi gani? Jibu litafute ofisi ya ardhi ya halmashauri, usiridhike na la dalali.

Kupimwa ni hatua nyingine. Mpima amefika, vigingi vimewekwa (wengi huviita bikoni), ramani ya upimaji imeidhinishwa, na kiwanja kimepata namba na kitalu. Kwa hiyo mtu akikuambia kimepimwa, mwombe namba ya kiwanja na jina la kitalu. Kama hana, mchukulie kuwa anakuuzia kiwanja ambacho hakijapimwa, na bei ishuke kulingana na hilo. Mawe yaliyochimbiwa pembeni hayatoshi. Nimeyaona mengi ambayo hayamo kwenye ramani yoyote.

Ofa, yaani barua ya toleo, ni barua ya kumpa mtu kiwanja kwa masharti na malipo fulani. Wapo waliokaa nayo miaka bila kukamilisha malipo, na madeni hayo utayakuta wewe mnunuzi. Hati ndiyo mwisho wa safari, nayo hutolewa kwa muda maalumu: miaka 33, 66 au 99. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake; wewe unapewa haki ya kuitumia kwa kipindi hicho. Ndiyo maana ukiambiwa "kina hati", uliza imebaki miaka mingapi na kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi lini. Leseni ya makazi si hati. Hutolewa kwenye maeneo ya mijini yasiyopangwa, ni ya muda mfupi na huhuishwa. Ina faida zake, lakini usiilipie bei ya hati. Na ukinunua ardhi ya kijiji utakutana na hati ya kimila, inayotolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, yenye taratibu zake.

Kabla ya kulipa kiwanja chenye hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hapo utajua jina la mmiliki, kama kimewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Mhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba wa mauziano ni ushahidi tu kwamba watu walikaa wakauziana. Haumfanyi asiye mwenye mali kuwa mwenye mali. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona wajane wakifika na karatasi zenye mhuri mzuri na hawana pa kuzipeleka. Na muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, taka ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe na mmoja peke yake. Ikiwa ni mali ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ni mtoto mkubwa wa marehemu na ukoo mzima unamtambua.

Kisha ukubwa. "Ishirini kwa ishirini" ni ishirini ya nini? Huku pembezoni bado watu wanauziana kwa hatua. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua moja ya kawaida huwa kama robo tatu ya mita, kwa hiyo hatua 20 kwa 20 zinakupa karibu mita za mraba 225. Ni zaidi kidogo ya nusu. Ndugu zetu wa Kenya wana mtego wao: "hamsini kwa mia" ni futi za mraba 5,000, na wengi huita kipande hicho thumni (moja ya nane) ya eka, ilhali thumni kamili ni 5,445. Peleka mtu na utepe, siyo mtu wa kutembea.

Sasa ujenzi wenyewe. Neno la kwanza la hatari ni msingi. Fundi anakupa hesabu ya msingi wa kozi nne, kozi ikiwa safu moja ya tofali. Kwenye eneo tambarare inawezekana. Lakini maeneo ya Dar es Salaam yenye mteremko kama Goba au Kimara, upande mmoja unaweza kuwa kozi nne na wa pili ukahitaji mara mbili yake, na kifusi cha kujazia ndani kikaongezeka vilevile. Hesabu ya msingi isipigwe kabla mtu hajapima tofauti ya mwinuko kwenye kiwanja chenyewe.

Jamvi ni ile sakafu ya zege juu ya msingi. "Jamvi limemwagwa" haikuambii chini yake kuna nini. Kifusi kilishindiliwa kwa tabaka? Mawe yalipangwa? Nailoni ya kuzuia unyevu ilitandikwa? Zege likishafunika huwezi kuona tena, kwa hiyo taka picha kabla ya kumwaga na usikubali kuonyeshwa ya baada peke yake. Kwa dada yangu nilimwambia asitume hela ya saruji ya jamvi mpaka nimpigie simu ya video nikiwa nimesimama juu ya mawe.

Lenta ndiyo inayoleta ugomvi mwingi kuliko yote. Kuna mafundi wanaoliita lenta lile zege la juu ya milango na madirisha tu. Wengine, na hao ndio wengi, wanamaanisha mkanda unaozunguka kuta zote. Tofauti ya nondo, ringi (vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzifunga nondo pamoja), kokoto na mbao za kufungia ni kubwa. Andikeni kwenye makubaliano: mkanda unazunguka nyumba nzima, kina chake, nondo ngapi za milimita ngapi, ringi kila baada ya sentimita ngapi.

Nondo nayo ina siri yake. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, inatakiwa iwe na uzito wa karibu kilo 10.6, ya milimita 10 karibu kilo 7.4, ya milimita 16 karibu kilo 19. Ukiweka nondo kwenye mizani ukakuta ya 12 ina kilo nane na kitu, umeuziwa nondo nyembamba kwa jina la nene. Mizani ya dukani kwa mwenye vyuma chakavu inatosha kwa kazi hii. Saruji pia usitaje "mfuko" tu. Sema daraja lake la nguvu, 32.5 au 42.5: ya pili ina nguvu zaidi na ndiyo ninayoitaka kwenye nguzo, mkanda na zege la ghorofa, ya kwanza inafaa kujengea na kupiga plasta. Na zege linywe maji angalau siku saba. Nguvu yake hupimwa likiwa na siku 28, kwa hiyo fundi anayetaka kung'oa mbao za chini ya boriti mapema kwa sababu anazihitaji kwenye kazi nyingine, mkatalie.

"Tripu" ya mchanga au kokoto si kipimo. Inategemea gari, na inategemea kama lilijaa. Taja aina ya gari na ujazo, na mtu wako asimame pale linapomwaga.

Kwenye kupaua, jua kwamba geji ya bati, yaani namba ya unene wake, ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30. Uliza kama bei inajumuisha mbao za kenchi (fremu za kubeba paa) na papi (za kupigilia bati), kama zimetiwa dawa, pamoja na fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), kofia (bati la kufunika mgongo wa paa) na misumari. Hivyo vidogo vikijumlishwa vinaweza kusimamisha kazi.

Halafu kuna "finishingi". Sijui neno lingine linalobeba mambo mengi hivyo kwa wakati mmoja: plasta, skimu (tabaka laini juu ya plasta), blandaring (fremu ya mbao ya dari) na jipsamu ya dari, vigae, rangi, milango, madirisha ya alumini, waya, mabomba, masinki. Kwa uzoefu wangu boma, yaani kuta tupu, lililopauliwa bado ni takribani nusu tu ya gharama, na watu wengi hukwama hapo hapo wakidhani wamemaliza. Usikubali bei ya finishingi kama kitu kimoja. Kila kipengele kiwe na mstari wake kwenye mchanganuo, ufundi upande wake na vifaa upande wake, na hakikisha mabomba ya umeme na maji yamechimbiwa ukutani kabla plasta haijapigwa, la sivyo utalipa plasta mara mbili.

Malipo ya ufundi yafuate kazi inayoonekana: msingi, jamvi, lenta, kupaua, plasta, na kadhalika. Bakiza sehemu ya mwisho. Kabla ya kuitoa, mtu wako afungulie mabomba yote kwa pamoja, afunue kila chemba (shimo la ukaguzi wa maji taka) aone maji yanakwenda wapi, awashe kila taa na kila soketi. Na kama msimu unaruhusu, asubiri mvua moja kubwa inyeshe, kisha apande darini na tochi.